Punje za alumini huzaliwa lini ndani ya kalibu

Swali: Mimi ni fundi wa kusubu puli za mashine za kusaga nafaka. Nayeyusha rimu na pistoni chakavu za magari, kisha namimina kwenye kalibu ya mchanga. Puli ikivunjika naona ndani chembechembe zinazong'aa, na safari nyingine zinakuwa kubwa zaidi ingawa chakavu ni kilekile na kalibu ni ileile. Chembe hizo zinatokana na nini? Na kwa nini nikizidisha moto mambo yanaharibika badala ya kutengemaa?

Jibu: Fundi, swali lako lina mafundo mawili, na la kwanza limo katika neno chembe. Chembechembe zinazong'aa pale puli ilipovunjikia, kwa sehemu kubwa, si punje za alumini. Pistoni nyingi husubiwa kwa aloi, yaani alumini iliyochanganywa na vitu vingine, yenye silikoni inayokaribia asilimia 12, na rimu nyingi kwa aloi yenye silikoni ya asilimia 7 hivi. Silikoni hiyo, alumini inapoganda polepole ndani ya mchanga, hujitenga ikawa vibapa vyembamba, vigumu na vyepesi kukatika, na ufa unapopita ndani ya puli hufuata vibapa hivyo kwa kuwa ndivyo vinavyoachia kwanza. Mng'aro unaouona ni wa nyuso za vibapa. Punje zenyewe zipo, na huenda ni kubwa kuliko unavyodhani, ila mvunjiko haukuonyeshi. Nitaanza na jinsi punje zinavyozaliwa, kwa sababu huko ndiko moto uliozidi unakofanya sehemu kubwa ya uharibifu wake, halafu nitarudi kwenye vibapa.

Ukitaka kuona punje za metali bila darubini, tazama bati la kuezekea lililochovywa kwenye zinki, kabla halijapakwa rangi wala kuchakaa. Utaona mabaka yanayong'aa kwa namna tofauti, na ukisogeza kichwa, baka lililokuwa jeupe hufifia na la jirani likawaka. Kila baka ni punje moja ya zinki. Ndani ya punje atomi zote zimejipanga kwa safu zilizoelekea upande mmoja. Ukivuka mpaka na kuingia punje ya jirani, mpango ni uleule lakini umegeuzwa kwa pembe nyingine, na ndiyo maana mwanga haurudi sawasawa. Puli yako imejengwa hivyohivyo. Atomi za alumini hujipanga katika miraba ya pande sita, zikikaa kwenye kona na katikati ya kila uso, na kila punje ni fuwele moja iliyoanzia mahali pamoja na kukua mpaka ilipogongana na majirani zake. Kwa hiyo ukubwa wa punje ni hesabu ya idadi tu: punje chache zikigawana puli, kila moja hupata eneo kubwa, zikiwa nyingi, kila moja hupata kidogo. Punje zikiwa na upana wa milimita moja, sentimita moja ya ujazo hubeba kama 1,000. Zikiwa na upana wa milimita 0.2, ujazo uleule hubeba 125,000. Kinachotakiwa kujulikana, basi, ni kitu gani kinachoamua idadi hiyo.

Tunafundishwa kwamba alumini safi huganda kwa nyuzi 660 za Selsiasi, na ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Chini ya kiwango hicho alumini ingependa kuwa yabisi, ila kipande cha kwanza cha yabisi, chenye atomi chache tu, lazima kiwe na ngozi inayokitenga na kimiminika kinachokizunguka, na ngozi hiyo ina gharama ya nishati. Kipande kikiwa kidogo mno, karibu chote ni ngozi, hivyo gharama huzidi faida nacho huyeyuka tena. Matone madogo na safi sana ya alumini yaliyopozwa maabara yameweza kubaki kimiminika hata baada ya kushuka zaidi ya nyuzi 100 chini ya kiwango cha kuganda. Katika karakana jambo hilo halitokei kamwe, kwa sababu kimiminika chetu kimejaa vitu vigeni ambavyo kiini cha fuwele kinaweza kujibandika mgongoni mwake na kuokoa sehemu ya gharama ya ngozi. Ukichemsha maji ya chai utaona jambo la ukoo huohuo: mapovu ya kwanza hutoka kwenye mikwaruzo ileile ya kitako cha sufuria, si popote tu katikati ya maji.

Mgongo wa kwanza unaopatikana ni ukuta wa kalibu. Unapomimina, tabaka jembamba la kimiminika linalogusa mchanga hupoteza joto ghafla, na humo huzaliwa fuwele nyingi kwa mpigo mmoja. Mwanafizikia Bruce Chalmers, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza kuganda kwa metali, aliupa mzao huo wa ghafla jina la mlipuko mkubwa. Nyingi ya fuwele hizo hazikai ukutani. Mkondo wa kimiminika kinachoingia huzing'oa na kuzibeba hadi katikati ya kalibu, na huko moja kati ya mambo mawili huzipata: zikikuta kimiminika kilichokaribia kuganda, husalimika na kila moja huwa mbegu ya punje, zikikuta kimiminika kikali, huyeyuka katika muda mfupi na hakuna atakayejua kwamba zilikuwapo.

Hapo ndipo moto wako uliozidi unapoingia. Aloi ya rimu huanza kuganda karibu na nyuzi 615. Ukimimina kwa nyuzi 700, una ziada ya nyuzi 85. Ukimimina kwa 800, ziada ni 185. Kila kilo ya alumini iliyoyeyuka hubeba takriban kilojuli 1.1 kwa kila nyuzi moja ya ziada, kwa hiyo katika hali ya pili kalibu inatakiwa kwanza kumeza kilojuli kama 200 kwa kilo kabla kuganda hakujaanza kwa dhati, nazo ni karibu nusu ya joto lote linalotolewa wakati wa kuganda kwenyewe. Mchanga ni mvivu wa kupitisha joto. Muda wote huo unapojikongoja, fuwele zilizotoka ukutani zinaingia kwenye tanuri dogo na kuteketea, mchanga wa ukutani unapata moto, na kuganda kukianza huanza na wazazi wachache. Chakavu ni kilekile na kalibu ni ileile, kama ulivyoandika, lakini waliosalimika ni wachache, na punje zinakuwa kubwa. Wala usipime kwa macho: alumini iliyoyeyuka hubaki na rangi ya fedha katika joto ambalo chuma kingekuwa kimeshaiva, na ukiiona inaonyesha wekundu kivulini, ujue umeshapita mbali. Themokapo, yaani kipimajoto cha waya kinachovumilia kuzamishwa kwenye metali iliyoyeyuka, ya bei nafuu italipa gharama yake kwa puli ambazo hutazitupa.

Sasa tuzifuate fuwele zilizobaki ukutani. Hukua kuelekea ndani, kinyume na joto linalotoka nje, na fuwele ya alumini hupenda kukua kwa kufuata kingo za mraba wake. Zile ambazo kwa bahati kingo zao zimeelekea moja kwa moja ndani husonga mbele haraka. Zilizolala upande huzibwa njia na jirani zake, kama miche iliyopandwa kwa kubanana. Matokeo yake ni punje ndefu kama nguzo, zimejipanga kutoka ukutani kwenda kitovuni. Ukuaji huo hauendi kama ukuta wa zege unaopanda sawasawa. Kila punje hukua kama mti wa mvinje: shina, matawi pembeni ya shina, na vitawi juu ya matawi. Wataalamu huita umbo hilo dendriti, neno lenye asili ya Kigiriki cha mti, na mtu aliyewahi kufungua shimo la mnyweo, yaani tundu linaloachwa alumini inapopungua ujazo ikiganda, katika puli kubwa na kutazama ndani kwa lenzi amewahi kuuona msitu huo ukiwa umebaki uchi, kwa kuwa kimiminika kilichokuwa kati ya matawi kilinyonywa kabla hakijaganda.

Sababu ya matawi ni silikoni, na naomba uisome taratibu aya hii kwa kuwa mengine yote yanaiegemea. Alumini inayoganda haiipokei silikoni yote iliyomo kwenye kimiminika. Kutoka katika aloi yenye asilimia 7, yabisi ya kwanza huwa na chini kidogo ya asilimia 1. Silikoni iliyobaki husukumwa mbele na kurundikana kwenye kimiminika kilicho jirani na ncha ya tawi. Kimiminika chenye silikoni nyingi huganda kwa joto la chini zaidi, kwa hiyo mahali penye mrundikano kuganda hucheleweshwa, ilhali sehemu ndogo tu mbele yake, ambako silikoni haijafika, kimiminika kimeshuka chini ya kiwango chake chenyewe cha kuganda ingawa kipimajoto kingeonyesha kwamba kuna joto zaidi. Chalmers na wenzake watatu, Tiller, Jackson na Rutter, waliliandikia hesabu jambo hilo mwaka 1953. Lina matokeo mawili. Ncha yoyote inayochomoza hukuta mbele yake mahali pazuri pa kukulia, ndiyo maana matawi hayaishi kuchomoza. Pia fuwele ngeni inayoelea mbele ya nguzo hukuta mazingira hayohayo mazuri, nayo huanza kukua pande zote. Fuwele hizo zikiwa nyingi vya kutosha huzifungia nguzo njia, na kutoka hapo hadi katikati puli hujaa punje zenye upana unaolingana kila upande.

Baadhi ya fuwele hizo si za ukutani. Jackson na Hunt pamoja na wenzao walionyesha mwaka 1966, kwa kutumia vimiminika vinavyopitisha mwanga ambavyo huganda kwa matawi kama metali, kwamba vitawi hukatika shingoni, pale vilipoungana na shina, kwa kuyeyushwa na mrundikano uliokusanyika hapo. Kimiminika kikitikisika, vipande hivyo huchukuliwa na mkondo na kila kimoja kinaweza kuwa punje mpya. Ndiyo sababu kutikisa kalibu wakati wa kuganda hupunguza ukubwa wa punje, dawa ambayo kalibu ya chuma huivumilia, lakini kalibu yako ya mchanga huenda ikabomoka.

Tukio linalofunga hesabu linaweza kuonekana kwa themokapo iliyozamishwa kwenye kikombe cha alumini inayoganda. Joto hushuka, hupita kidogo chini ya kiwango cha kuganda, kisha, jambo linalowashangaza wengi mara ya kwanza, hupanda tena kwa nyuzi chache au sehemu ya nyuzi kabla ya kutulia. Kupanda huko kunatokana na joto linalotolewa na fuwele zinazokua. Kuanzia dakika joto linapogeuka, hakuna kiini kipya kitakachoamka, kwa sababu sharti la kuamka lilikuwa kushuka zaidi. Daftari la uzazi limefungwa, nayo sehemu kubwa ya puli bado ni kimiminika. Kila hila ya kuongeza punje lazima ifanye kazi kabla ya hapo: ama ipeleke viini vingi zaidi, ama ipunguze kasi ya kukua ili joto lichelewe kugeuka na viini vilivyolala vipate nafasi.

Viwanda hufanya yote mawili kwa titaniamu na boroni. A. Cibula, mtafiti wa Uingereza, ndiye aliyeeleza katika miaka ya 1949 na 1950 kwamba titaniamu husaidia kwa kuunda vipande vidogo vigumu ambavyo alumini hujibandika juu yake, na leo dawa inayotumika zaidi ni vijiti vya alumini vyenye titaniamu ya asilimia 5 na boroni ya asilimia 1, kwa kipimo cha gramu 1 au 2 kwa kila kilo. Ndani yake mna chembe za titaniamu boraidi, nyingi zikiwa na upana wa maikromita moja (sehemu ya elfu moja ya milimita) hivi au chini. Mwaka 2000 Lindsay Greer wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzake walionyesha kwamba ukubwa wa chembe ndio unaopanga foleni: chembe ya maikromita 5 huzaa punje baada ya kimiminika kushuka sehemu moja tu ya kumi ya nyuzi, ya maikromita 1 hungoja kushuka zaidi ya nusu nyuzi, na zilizo ndogo zaidi hukuta daftari limeshafungwa. Chembe zinazofanikiwa ni kama moja katika kila 100. Titaniamu iliyoyeyuka, kwa upande wake, ni breki kali ya ukuaji: kwa kila asilimia moja, nguvu yake ya kuzuia ni zaidi ya mara 30 ya ile ya silikoni.

Kwa aloi zako, hata hivyo, sikushauri ukimbilie kununua vijiti hivyo. Silikoni ikipita asilimia 3 hivi huanza kuidhoofisha dawa hiyo, na ndiyo maana wanaosubu aloi zenye silikoni nyingi hupendelea vijiti ambavyo boroni yake inalingana na titaniamu. Tena rimu tayari zilitiwa titaniamu zilipotengenezwa. Boraidi ni nzito karibu mara mbili ya alumini iliyoyeyuka, hivyo chungu kikikaa kimya zaidi ya nusu saa sehemu kubwa huzama kitakoni. Kukoroga taratibu kutoka chini kabla ya kuchota huirudisha juu bila gharama yoyote, mradi usivunje ngozi ya juu na kuizamisha ndani, maana ngozi hiyo ni oksaidi na ndiyo inayozaa nyufa.

Lipo jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Watu hudhani punje ndogo huipa alumini nguvu kubwa. Kwa chuma cha pua au shaba nyeupe hoja hiyo ina uzito. Kwa alumini ni nyembamba, kwa sababu ukipunguza punje kutoka milimita 1 hadi 0.2 unavuna megapaskali (kipimo cha nguvu ya metali) 3 hivi tu, kiasi ambacho puli haitakihisi. Faida ya punje ndogo iko kwingine. Alumini hupungua ujazo kwa asilimia 6 hadi 7 inapoganda, na nafasi hiyo lazima ijazwe na kimiminika kinachopenya kati ya punje. Punje kubwa zenye matawi marefu hushikana mapema na kuziba njia. Punje ndogo huteleza pamoja kama uji wenye mtama na kuendelea kupitisha kimiminika hadi mwishoni. Ukiona puli inapata nyufa pale mikono inapoungana na kitovu, ikiwa bado moto ndani ya kalibu, hapo punje ndogo zingekusaidia kweli.

Nguvu ya aloi za silikoni hutegemea zaidi nafasi kati ya matawi ndani ya punje moja, na umbo la vile vibapa tulivyoanza navyo. Nafasi hiyo hutawaliwa na muda wa kuganda: muda ukiwa mara nane, nafasi huongezeka mara mbili. Kwa aloi ya rimu, sehemu inayoganda kwa sekunde 10 hupata matawi yaliyoachana kwa maikromita kama 20, na inayochukua sekunde 1,000 hufikia kama 100. Vibapa navyo hunenepa kadiri muda unavyorefuka, na hilo ndilo jibu la safari zako zenye chembe kubwa: moto ulizidi, mchanga ukapata joto, kitovu kikachelewa kuganda. Kipande cha chuma kikavu kabisa kilichopachikwa kwenye mchanga karibu na kitovu kitafanya kazi zaidi kuliko dawa. Vibapa vyenyewe hugeuzwa kuwa nyuzi laini kwa kutia kiasi kidogo sana cha sodiamu au stronti, ugunduzi ambao Aladar Pacz alipewa hataza yake Marekani mwaka 1921. Hilo ni somo tofauti na la punje, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Moto uliozidi una kosa la pili, ambalo mafundi wengi hulichanganya na punje. Kimiminika chenye joto kali hunywa haidrojeni nyingi kutoka kwenye unyevu, na alumini inapoganda uwezo wake wa kuibeba hushuka karibu mara 20, hivyo gesi hubaki kama vitundu. Vitundu vya mviringo vyenye kuta laini ni gesi; tundu lenye kuta za matawi ni mnyweo.

Ningeanza na mambo matatu yasiyokugharimu sana. Tenga rimu na pistoni, kwa sababu aloi ya pistoni ina punje chache za awali za kuhangaikia, karibu yote ikiganda mwishoni pamoja na silikoni, ukizichanganya huwezi kujua unatibu nini. Puli zenye mikono myembamba zisubu kwa rimu peke yake. Mimina kati ya nyuzi 700 na 720, ukiongeza kidogo tu pale ambapo alumini inashindwa kufika mwisho wa kalibu. Na kila mara ubakize puli moja mbovu uikate kwa msumeno kupitia kitovu, uilainishe uso kwa misasa mpaka mikwaruzo ipotee, kisha uizamishe kwa dakika chache katika gramu 100 za kostiki soda zilizotiwa ndani ya lita moja ya maji ya vuguvugu, soda ikiingia kwenye maji na si maji kwenye soda, ukiwa umevaa miwani na glavu mahali penye hewa, kwa kuwa mapovu yanayotoka ni haidrojeni. Uso utakuwa mweusi; usugue kwa brashi chini ya maji, uukaushe, uuinamishe juani kama ulivyofanya kwa bati. Punje za nguzo utaziona zikitoka ukingoni, na utaweza kupima kwa rula ya kawaida zimekwenda umbali gani kabla ya kuzibwa. Andika kipimo hicho pembeni ya joto ulilomimina, ufanye hivyo kwa puli tano au sita.